Nani Mwenyeji wa Mpala?

Mtu anayesafiri kwa chombo kutoka Kalemie kwenda Moba, akiifuata pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika, hupita mahali ambapo mto Lufuko unaingia ziwani. Hapo ataona kijiji kidogo: nyumba za udongo, miembe, mitumbwi iliyovutwa mchangani, nyavu zilizoanikwa, na kanisa la zamani. Pengine hataliuliza hata jina lake, maana vijiji vya namna hiyo ni vingi pwani yote. Lakini kijiji hicho ni Mpala, na habari zake zilikwisha kuandikwa Ulaya miaka minane kabla mji wa Albertville, ambao leo ni Kalemie, haujazaliwa.

Mimi si mtaalamu wa historia. Ni mwalimu mzee niliyekwisha kupumzika kazini. Mama wa mama yangu alizaliwa Mpala, nami nilipokuwa mtoto nilipelekwa kwake kila likizo kubwa. Mambo ya kijiji hicho niliyasikia kwanza kinywani mwake, kabla sijayasoma kitabuni. Nayaandika leo kwa sababu ya neno moja ambalo nalisikia mara nyingi mno katika miaka hii. Watu wawili wakigombania shamba au kiwanja, mmoja husema: “Yule si mwenyeji, yule ni wa kuja tu.” Na akiisha kusema hivyo, hudhani amemaliza shauri.

Nimelisikia neno hilo likitoka kwa kijana mmoja ambaye, kama mtu angemtajia majina ya nyanya zake watatu, angeinamisha kichwa. Kwa hiyo naona ni vema tuulize bila kuogopa: katika Mpala, nani mwenyeji, na nani wa kuja?

MWENYE NCHI NA MGENI WAKE

Zamani za wazee wetu, mwenye nchi pale Lufuko alikuwa sultani wa Watabwa aliyeitwa Mpala. Katika mwaka 1883 alifikiwa na mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa. Mgeni huyo alikuwa Luteni Émile Storms, askari Mbelgiji, aliyetumwa na chama kilichoanzishwa na mfalme Leopold wa Pili. Chama hicho kilikuwa na kituo Karema, upande wa mashariki, tangu mwaka 1879, nacho kilitaka kituo kingine upande wetu. Tarehe 4 Mei 1883 Storms alianza kujenga Mpala.

Sultani na mgeni wake walichanjiana damu. Vijana wa siku hizi hawajui tena jambo hilo ni kitu gani, basi nitalieleza. Watu wawili wasiozaliwa tumbo moja huchanjwa ngozi kidogo, na damu ya huyu huliwa na yule mbele ya mashahidi. Tangu siku ile wao ni ndugu. Chakula cha mmoja ni cha wote wawili, adui wa mmoja ni adui wa wote wawili, na atakayemdanganya mwenzake, damu ile ile itamhukumu. Kwa njia hiyo wazee wetu walimgeuza mgeni kuwa mtu wa nyumbani. Hawakumwuzia nchi, maana kwao nchi haikuuzwa. Walimpa mahali pa kukaa, naye akakubali wajibu.

Angalieni jambo moja. Storms alijenga boma lenye kuta nene, akaweka bunduki na bendera, akajiona mkubwa wa nchi. Lakini kijiji hakikuitwa Storms. Kimebaki na jina la yule aliyemkaribisha. Leo ni miaka zaidi ya mia na arobaini, na kila anayesema “nakwenda Mpala” anamtaja mwenyeji, hata kama hajui.

Nyanya yangu hakupenda kusema mengi juu ya boma lile. Alisema tu kwamba mlikuwa na kelele nyingi na damu. Maneno hayo niliyafahamu baadaye. Palikuwa na mkubwa mwingine wa Watabwa, jina lake Lusinga, ambaye aliteka watu na kuwauza kwa wafanya biashara. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walikishambulia kijiji chake, wakamwua, wakamkata kichwa. Kichwa kile kilichukuliwa mpaka Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mti iliyochongwa kwa heshima ya Lusinga.

Lusinga alikuwa mkali, na mikononi mwake walipotea watu wengi, hilo halifichiki. Lakini hata adui akifa huzikwa. Kichwa cha mtu si kitu cha kuonyeshwa kwa wageni sebuleni. Katika mji wa Brussels palikuwa na sanamu ya Storms mahali pa watu wote. Katika mwaka 2022 iliondolewa. Basi mnaona kwamba mambo ya kijiji kidogo cha wavuvi hayakuishia Lufuko, na kwamba deni la damu haliozi upesi.

WATOTO WALIOKOMBOLEWA

Storms hakukaa sana. Mwaka 1885 mfalme Leopold aligeuza shauri lake: nguvu zake zote alizitia upande wa mto Kongo na bahari ya magharibi. Vituo vya Karema na Mpala alivitoa kwa wamisionari wa Kardinali Lavigerie, ambao tuliwaita Mapadri Weupe. Padri Moinet na Padri Moncet wakaingia Mpala mwaka ule ule. Wakakuta boma, mashamba, askari waliobaki, na vijiji vya Watabwa vilivyokuwa vikiishi kwa hofu.

Hofu ile ilikuwa ya biashara ya watu. Misafara ilitoka Manyema, Urua na milima ya Marungu, watu wakiwa wamefungwa kongwa shingoni, ikavushwa ziwani mpaka soko la Ujiji. Mkubwa wa biashara hiyo ziwani alikuwa Mohamed bin Halfani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Katika mwaka 1887 akafika Mpala Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyekuwa askari wa Papa kabla ya kuja Afrika. Alipewa kazi ya kuwafundisha vijana kulinda vijiji. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Agnes, binti Mwafrika, wala hakurudi kwao tena. Alikufa katika nchi ya Moba mwaka 1927, mzee na kipofu, akazikwa huku huku.

Sasa tufike penye moyo wa habari yetu. Mapadri walitoa nguo na shanga kuwakomboa watumwa, hasa watoto. Wengine walinunuliwa njiani, wengine sokoni, wengine walikimbia wenyewe wakaja kujificha misioni. Watoto hao hawakuwa wa kabila moja. Huyu alitoka Manyema, huyu Urua, huyu Marungu, na mwingine hakujua hata alikotoka, kwa sababu alikuwa mdogo mno alipokamatwa. Walipokutana uwanjani hawakuwa na lugha moja ya kuulizana jina. Kiswahili kikawa lugha yao. Ndiyo maana wazee wa Mpala walisema Kiswahili safi kuliko watu wengi wa bara, nao walijisifu kwacho.

Watoto walikua, wakabatizwa, wakaozwa. Kila bwana na bibi walipata nyumba katika mstari, shamba na jembe. Tusiyapambe mambo haya kupita kiasi. Mapadri wa siku zile walitawala kama masultani: kengele ikilia, wote kazini, kengele ikilia tena, wote salani, mwenye makosa aliadhibiwa. Vijana wengi hawakuulizwa sana nani wa kumwoa na wapi pa kukaa. Mtu aliyetolewa katika kongwa alishukuru kwa kweli, lakini alikuwa bado hajawa bwana wa siku zake.

Hata hivyo pale pale palianza mambo makubwa. Mpala palikuwa na shule, na kwenye benchi lile walikaa pamoja mwana wa mwenye nchi na mwana wa kukombolewa. Mmoja wa waliosoma pale alikuwa kijana kutoka Marungu, Stefano Kaoze. Baadaye alipelekwa seminari ya Lusaka, karibu na Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Alipokuwa bado mseminari aliandika habari juu ya fikra na tabia za watu wetu, nazo zikachapishwa Ubelgiji miaka ya 1910 na 1911. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri, akawa padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Alikufa mwaka 1951. Mzee aliyekuwa amekaa benchi moja na Kaoze alijua kusimulia kwamba, mwalimu alipouliza swali, hakuuliza kwanza ukoo wa mtoto.

SIKU YA MAZIKO

Mama wa nyanya yangu alikuwa mmoja wa watoto wale. Alikombolewa akiwa na umri kama wa miaka sita. Kwao alikumbuka vitu viwili tu: jina la mto fulani, na kwamba mama yake alikuwa na kovu mkononi. Kila alipoona msafiri mpya alimtajia jina la mto ule. Hakuna aliyelijua. Aliuliza hivyo mpaka uzee wake.

Ili mfahamu ugumu wa maisha yake, lazima mjue desturi ya Watabwa. Kwao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, si wa baba. Basi mwanamke asiyejua mama yake hana ukoo; na kama hana ukoo, watoto wake pia hawana. Tena kila ukoo una watani wake, yaani ukoo mwingine ambao hutaniana nao kwa maneno makali bila kukasirika. Watani hao ndio wenye kazi ya kuzika. Mtu akifa, si ndugu zake wanaochimba kaburi, ni watani. Asiye na ukoo hana watani. Na asiye na watani, nani atamchimbia kaburi?

Mapadri walikuwa wamempa ubatizo, jina la mtakatifu, mume na nyumba. Swali hilo la kaburi hawakulifikiri, kwa sababu kwao Ulaya halikuwako.

Likaja siku ya mtoto wake wa kwanza kufa. Wanawake walikusanyika, wakalia naye. Wanaume wakakaa nje. Jua likapanda, na hakuna aliyeshika jembe. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wakitazamana, kila mmoja akiogopa kushika kazi isiyo yake. Mwishowe mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo: “Mtoto huyu ni wa ukoo gani?” Kimya.

Palikuwa na mama mzee Mtabwa, jirani, asiyekuwa bado Mkristu. Miaka mingi nyuma wateka watu walikuwa wamemnyang'anya binti yake, naye hakusikia tena habari zake. Mama yule akasimama, akaenda akakaa chini mkekani pamoja na mfiwa, akamshika bega, akasema: “Huyu ni wangu. Nilimpoteza, amerudi. Chimbeni.” Akataja ukoo wake. Watani wa ukoo ule wakasimama mara moja, wakachukua majembe.

Tangu siku ile mama wa nyanya yangu alikuwa mtu wa ukoo. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba si kweli, kwa kuwa neno lilisemwa mbele ya maiti. Watoto wake waliofuata walizaliwa ndani ya ukoo huo, na nyanya yangu, na mama yangu, na mimi mwenyewe ninayeandika. Watani wetu hunitukana hata leo nikifika, nami hufurahi.

Nimefikiri sana habari hii. Mapadri walimkomboa kwa nguo, nami nawashukuru, maana bila nguo ile nisingezaliwa. Lakini mama yule asiyejua kusoma alimkomboa mara ya pili, kwa neno. Nguo ilimtoa katika mikono ya mwuzaji. Neno lilimtia katika mikono ya watu. Ukombozi wa kwanza bila wa pili ungemwacha huru, lakini peke yake. Na mtu wa peke yake kijijini, ndugu zangu, hana tofauti kubwa na aliyefungwa.

TULIVYOISHI

Siku za utoto wangu, mtu hakuweza tena kutenga kwa macho nani mwana wa mwenye nchi na nani mwana wa kukombolewa. Ndoa zilikuwa zimechanganya kila nyumba, na malale, ugonjwa ule mbaya uliopita pwani ya ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, haukuwa umechagua. Waliobaki hai walihitajiana.

Usiku wa giza, mwezi usipokuwako, wanaume walikwenda kuvua ndakala. Taa zilipangana ziwani, nasi watoto tulizihesabu kutoka pwani mpaka usingizi ukatushika. Alfajiri wanawake walishuka na vikapu. Kabla samaki hawajauzwa, palikuwa na mafungu yaliyowekwa pembeni juu ya majani: ya wajane, ya mgonjwa, ya mwalimu, na ya mgeni yeyote aliyelala kijijini usiku ule. Nilimwuliza nyanya: “Na kama hakuna mgeni?” Akajibu: “Litawekwa vilevile. Wewe wajuaje nani yuko njiani?”

Mashamba ya mihogo yalilimwa kwa kusaidiana. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, na mwenye shamba alipika ugali na kitoweo. Mvivu hakupigwa, alitungiwa wimbo, na wimbo uliuma kuliko fimbo. Mtu akijenga, vijana walileta miti, wasichana maji ya kukandia udongo. Palipokuwa na kilio, hakuna moto uliowashwa katika nyumba za jirani mpaka unga na kuni vimefika kwa wafiwa.

Jumapili kengele ilipolia, watu walishuka kutoka vitongojini wakiwa na viatu mikononi, wakavivaa karibu na kanisa. Baada ya Misa hakuna aliyekimbilia nyumbani. Chini ya miembe ndipo mashauri yaliposikilizwa: mbuzi aliyekula mihogo ya mtu, mahari isiyokwisha, mke aliyerudi kwao. Wazee walikata maneno polepole. Nilikuwa nikichoka kuwasikiliza. Sasa najua kwamba walikawia kwa makusudi, ili hasira zipate nafasi ya kupoa.

Wala msidhani kwamba pale palikuwa mbinguni. Palikuwa na wivu, ulevi, na maneno ya uchawi yaliyowafukuza wazee wasio na kosa. Na mara moja moja, watu wakigombana sana, neno la zamani lilitoka: “Mwana wa mtumwa!” Nalikumbuka kwa sababu ya hukumu yake. Aliyelisema alitozwa mbuzi, bila kuulizwa kama alikuwa na haki katika ugomvi ule au hakuwa nayo. Wazee walisema: neno hilo likiachwa kijijini siku moja, kesho hapatakuwa na kijiji.

VITA, UKIMBIZI NA MAJI

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 nchi yetu iliona mengi. Katanga ilijitenga, ikarudishwa mwaka 1963. Mwaka 1964 waasi waliwaka moto mashariki yote. Huko Fizi, tarehe 28 Novemba mwaka ule, aliuawa Padri Albert Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908 katika nchi ya Moba, mwana wa yule kapteni na wa mama Agnes. Aliuawa pamoja na padri wa Shirika la Waksaveri. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa limemtangaza kuwa mwenye heri pamoja na wenzake watatu. Baba yake alikuja kutoka ng'ambo ya bahari, mama yake alikuwa wa huku. Nani kati yetu angethubutu kumwambia padri huyo kwamba damu aliyoimwaga ilikuwa ya mtu wa kuja?

Ikaja vita ya mwaka 1998 mpaka 2003. Watu wengi wa nchi ya Moba walivuka wakaenda Zambia, wakakaa miaka katika kambi za Mwange na Kala. Kuanzia mwaka 2007 walirudishwa kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba. Baadaye, hasa tangu mwaka 2016, ugomvi wa Watwa na Waluba uliwafukuza maelfu ya watu katika jimbo letu la Tanganyika. Na katika miaka hii ziwa lenyewe limepanda. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za pwani, toka Uvira na Bujumbura hata kwetu. Waliojenga mchangani wamelazimika kutafuta viwanja juu, penye mashamba ya wenzao.

Sasa mnafahamu kwa nini neno “wa kuja” limeamka. Ardhi ya kukaa imepungua, watu wamerudi, na kila mmoja anatafuta sababu ya kumwondoa mwingine.

Binti wa mjomba wangu alirudi kutoka Zambia na watoto wanne waliozaliwa kambini. Walisema Kibemba na Kiingereza cha shule. Kiswahili chao kilikuwa cha kuvunjika. Walipoomba shamba la nyanya yao, walikuta mtu mwingine akililima. Wakaitwa Wazambia. Shauri lilipelekwa mbele ya wazee. Yule mlimaji akasema kwa nguvu kwamba yeye ni mwenyeji, alikaa, hakukimbia. Mzee mmoja akamwomba jambo moja tu: ataje mama wa mama yake, na mama wa huyo, na mama wa huyo tena. Akataja wawili. Wa tatu hakumjua. Mzee akasema: “Mimi namjua. Alishuka mtumbwini hapa akiwa mtoto, amefunikwa kitambaa cha misioni. Babu yangu alimpokea.” Mtu yule akanyamaza, na watu wakanyamaza pamoja naye.

Mzee hakusema hivyo ili kumwaibisha. Alikuwa amelinda siri ile maisha yake yote, wala asingeitoa kama neno la kufukuza halingetumiwa kwanza. Mwisho wa shauri, shamba liligawanywa. Binti wa mjomba alipata sehemu ya juu, yenye mawe mengi. Si hukumu iliyompendeza kila mtu. Lakini mwaka uliofuata nilisikia kwamba nyumba zile mbili zinalimiana kwa zamu, maana mawe hayaondolewi na mtu mmoja.

BASI, NANI MWENYEJI?

Ndugu wasomaji, mimi nimejibu swali langu hivi. Tukitafuta Mpala mtu ambaye hana hata tone la damu ya mgeni, tutatafuta mpaka tuchoke. Hata Watabwa wenyewe husimulia jinsi koo zao zilivyosafiri kabla ya kufika ziwani. Kijiji chetu kilijengwa kwa mambo mawili: sultani aliyekubali kuchanjiana damu na mtu asiyemjua, na mama aliyesema “huyu ni wangu” juu ya mtoto wa watu. Sultani alilipwa kwa bunduki na boma. Mama alilipwa kwa watoto na wajukuu. Lakini wote wawili walifanya kazi ya mwenyeji, na kazi hiyo ni kupokea. Aliyetangulia kufika halafu akafunga mlango ametangulia tu. Hajawa bado mwenyeji.

Sisemi kwamba kila anayedai shamba apewe. Mashauri ya ardhi yana sheria na mashahidi, nayo yasikilizwe kwa haki. Nasema tu kwamba neno “wa kuja” lisihesabiwe kuwa ushahidi.

Ninyi wanafunzi, nawapa kazi ya likizo. Chukueni daftari, mkae na wazee wenu jioni. Andikeni majina ya mama, na mama wa mama, mpaka mahali ambapo mzee atasema “hapo sijui”. Msifute maneno hayo, yaandikeni vilevile. Mahali hapo pa “sijui” pengine ndipo mtoto mmoja aliposhuka mtumbwini akitetemeka, na mtu fulani akamfungulia mlango. Wazee wanaojua mambo haya wamebaki wachache, na daftari la misioni halikuandika yote.

Nanyi wazee, msiogope kusimulia. Tulificha asili zetu kwa sababu ya haya, tukidhani tunawalinda watoto. Kumbe tumewaacha bila silaha mbele ya neno baya. Mtoto akijua kwamba yeye mwenyewe ni tunda la mgeni aliyepokelewa, hatapata kinywa cha kumfukuza mgeni wa leo.

Na siku msiba utakapoingia katika nyumba ya hao waliotoka Zambia, au waliokimbia maji, au waliofukuzwa na ugomvi wa kabila, tusikae nje tukitazamana. Tusiulize maiti ni wa ukoo gani. Tuulize jembe liko wapi.